Mwenda Chini na Arudi: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Utafiti wa Roboti Zinazojiendesha Chini ya Maji Chuoni

Mwaka 1957, katika maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, kazi ilianza ya kuunda chombo kilichoitwa SPURV. Kilishuka baharini bila mtu ndani na bila waya wa kukivuta, kikapima maji, kikapanda. Mara nyingi hutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake, na kilizaliwa chuoni. Tangu hapo vyuo havijaacha: MIT wakaja na Odyssey miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Porto na LAUV, na Chuo Kikuu cha Rutgers kikavusha glaida ya chini ya maji Bahari ya Atlantiki mwaka 2009.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri anayeanza, au kikundi kidogo chenye chumba, meza mbili na hamu. Nitafuata mpangilio wa kazi jinsi inavyokuja, na nitakaa zaidi pale ambapo nimeona watu wengi wakikwama.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika fani hii usemi huo ni sheria ya kiufundi. Kazi ya kwanza ya chombo ni kurudi, kwa kuwa data iko ndani yake. Autosub2 ya Waingereza ilipotea Februari 2005 chini ya barafu ya Fimbul huko Antaktika. ABE ya Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, ilipotea Machi 2010 karibu na Chile, baada ya kuzama zaidi ya mara 200 na kurudi. Nereus ilivunjika Mei 2014 kwenye kina cha takriban mita 9,900 katika handaki la Kermadec, karibu na Nyuzilandi. Waliovipoteza walikuwa mabingwa wenye miongo ya uzoefu. Kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia swali la utafiti hadi aina ya grisi, uulize kwanza: je, huu unakisaidia chombo kurudi?

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika bisibisi

Mapendekezo mengi ya utafiti huanza na "tutaunda roboti ya chini ya maji" na kuishia hapo hapo. Hilo bado ni jina la kifaa. Msimamizi mzuri atakurudisha hadi ulete swali.

Chukua mifano miwili. Wa kwanza: tabaka ambalo joto la maji hubadilika ghafla hupanda na kushuka kiasi gani kati ya maji kujaa na maji kupwa? Hapa unahitaji kihisi cha joto na chumvi, chombo cha kupanda na kushuka mfululizo kwa siku kadhaa, na kukosea mahali kwa mita 50 si msiba. Jibu lake ni glaida, yaani chombo kisicho na propela: hubadilisha ujazo wake kidogo ili kizame au kipande, na mabawa hugeuza mwendo huo kuwa wa mbele. Kasi ni ndogo, lakini umeme unaotumika ni mdogo mno. Ile glaida ya Rutgers, RU27, ilikaa baharini siku 221 kutoka pwani ya New Jersey hadi ilipoopolewa karibu na Uhispania.

Mfano wa pili: je, picha za matumbawe za leo na za miezi 6 ijayo zinaweza kulinganishwa tumbawe kwa tumbawe? Sasa unahitaji chombo cha kusimama tuli mita 2 juu ya sakafu ya bahari, kamera, taa, na uhakika wa mahali wa sentimita kadhaa. Glaida haifai kabisa.

Swali moja limezaa chombo kimoja, la pili limezaa kingine, na hakuna kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo andika karatasi moja tu: utapima nini, kwa kina gani, kwa muda gani, kwa uhakika gani wa mahali, na nani atakishusha na kukipandisha. Hilo la mwisho husahaulika. Chombo cha kilo 40 watu wawili watakibeba juu ya boti ndogo. Cha kilo 200 kinataka winchi na boti ya kuibeba winchi hiyo, na bajeti yako imekwisha kabla hujalowana.

Hatua ya 2: Amua utakachokiunda na utakachokinunua

Unda kile unachokitafiti, nunua vilivyobaki. Kama tasnifu yako inahusu kujua mahali chombo kilipo, usipoteze mwaka wa kwanza ukibuni mota. Chukua fremu iliyokwisha kuthibitishwa, kama BlueROV2, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwa waya, uiongezee kompyuta na vihisi, ukate waya taratibu kadiri unavyoiamini. Vyuo vingi vimepita njia hiyo na sioni aibu ndani yake.

Kuunda kila kitu kuanzia mwanzo kuna thamani kubwa ya kufundishia, na mashindano ya wanafunzi ya RoboSub, yaliyoanza mwaka 1998, yamelea wahandisi wengi kwa njia hiyo. Lakini kujifunza kuunda na kufanya utafiti ni ratiba mbili tofauti. Chagua moja waziwazi, uwaambie wenzako.

Kikundi chenyewe kiwe na angalau watu wanne wa fani tofauti: wa mitambo, wa umeme, wa programu, na mmoja anayeijua bahari. Huyo wa nne ndiye atakayekwambia kwamba kipimo chako kizuri hakina maana kwa sababu maji ya pale huchanganyika kila bamvua.

Hatua ya 3: Kasha lisiloingia maji

Kila ukishuka mita 10, kanieneo huongezeka kwa takriban baa 1, yaani karibu sawa na kanieneo la angahewa. Tarakimu hiyo haitishi mpaka uizidishe. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 15, ukiwa kwenye kina cha mita 100, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 1.8. Fikiria gari dogo limeegeshwa juu ya sahani.

Kwa kina cha makumi ya mita, bomba la akriliki linatosha na lina faida ya kukuonyesha yaliyomo. Kwa mamia ya mita, tumia alumini. Kwa maelfu, watu hutumia titani au tufe za kioo kinene. Unapopiga hesabu ya silinda usiishie kwenye nguvu ya madini peke yake, maana silinda nyembamba hukunjamana ghafla kabla madini hayajafika ukomo wake. Mimi hubuni kwa mara moja na nusu ya kina cha kazi: kama nitafanya kazi mita 100, nabuni kwa 150.

Bolti za chuma cha pua zikigusa alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa. Tenganisha kwa washa za plastiki, na funga kipande cha zinki kiliwe badala yake.

Sasa oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaokaa kwenye mfereji wa mfuniko. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vyombo vingi vya wanafunzi hufia.

Niliwahi kufunga kasha usiku, tukiwa tumechelewa, nikaruka jaribio la kuvuta hewa kwa sababu bwawa lilikuwa linafungwa saa nne. Kina kilikuwa mita 3 tu. Baada ya dakika 40 tulikitoa chombo, tukakuta maji kijiko kimoja cha chai chini ya ubao wa saketi. Kijiko hicho kilitosha kuua kompyuta na miezi miwili ya kazi ya mwenzangu. Tulipoitoa oringi tuliona unywele mmoja wa brashi umelala juu yake, na alama yake ilikuwa imechorwa kwenye grisi kama mstari wa penseli.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu haubadiliki. Toa oringi kwa kijiti cha plastiki, kamwe si kwa chuma, kwa kuwa mkwaruzo wa mfereji ni mbaya kuliko wa mpira. Futa mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pitisha oringi yote kati ya kidole gumba na cha shahada, bila glavu, ukitafuta kijiwe au mkato. Iangalie chini ya tochi inayomulika kwa ubavu. Paka grisi ya silikoni kidogo tu, mpira ung'ae bila mabonge, na hakikisha mpira wenyewe ni wa nitrili, kwa kuwa grisi ya silikoni huufurisha mpira wa silikoni. Ukiona oringi imekuwa bapa, itupe.

Kisha vuta hewa kwa pampu ya mkono hadi kanieneo la ndani lipungue kwa theluthi moja hivi ya angahewa, funga, subiri dakika 15. Sindano ya geji ikisogea kwa namna ya kuonekana, fungua uanze upya. Jaribio hili halina mbadala na halina siku ya kupumzika. Mara ya kwanza kabisa, lishushe kasha hadi kina chake cha kazi likiwa na mawe ndani badala ya kompyuta.

Hatua ya 4: Farumi na mizani

Mabaharia wa majahazi walijua farumi kabla yetu: uzito wa chini unaokifanya chombo kisimame wima. Kwa roboti kuna mambo mawili. Kwanza, kitovu cha uzito kiwe chini ya kitovu cha kuelea, ili chombo kikiyumba kijirudishe chenyewe. Betri chini, povu la kuelea juu. Pili, chombo kielee kidogo sana kikizimwa. Umeme ukikatika, kipande polepole chenyewe.

Kidogo ni kiasi gani? Mia kadhaa za gramu kwa chombo cha kilo 40 hunitosha. Ukiongeza sana, mota zitapigana na maji safari nzima ili kukizuia kisipande.

Kuna mtego unaowanasa wengi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yana uzito wa takriban kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, maji ya bahari takriban 1,025. Chombo chenye ujazo wa lita 40 kilichosawazishwa bwawani, kikiingia baharini hupata kilo 1 nzima ya kuelea. Hakitazama. Nimeona kikundi kikikaa juu ya boti asubuhi nzima kikibadilisha programu ya kuzamia, wakati tatizo lilikuwa kilo moja ya risasi. Beba vipande vya farumi vilivyokwisha kupimwa, vya gramu 50, 100 na 500, na njia ya kuvifunga bila kufungua kasha.

Povu la kawaida hubonyea kinani na kupoteza uwezo wa kuelea, hivyo kwa kina kirefu tumia lile lililotengenezwa kwa vitufe vidogo vya kioo ndani ya epoksi.

Hatua ya 5: Bajeti ya umeme

Kasi ni ghali majini. Nguvu ya kusukuma hupanda kwa mchemraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Kwa upande mwingine, kompyuta na vihisi hula umeme hata chombo kikisimama. Kasi bora iko kati ya hizo mbili, na unaweza kuipata kwa kalamu.

Tuseme betri ina wati-saa 600, vifaa vya ndani hula wati 40, na kusukuma kwa mita 1 kwa sekunde hula wati 20. Jumla ni wati 60, kwa hiyo saa 10, kilomita 36. Ukienda mita 2 kwa sekunde, kusukuma kunafika wati 160, jumla 200, saa 3, karibu kilomita 21.6. Ukienda polepole, nusu mita kwa sekunde, jumla ni wati 42.5, saa 14 na kidogo, lakini umesafiri kilomita 25 tu. Kanuni inayotoka humo ni rahisi kukumbuka: katika maji yasiyo na mkondo, utafika mbali zaidi pale nguvu ya kusukuma inapokuwa nusu ya ile inayoliwa na vifaa. Ndiyo maana kupunguza wati 10 za kompyuta wakati mwingine huleta faida kuliko kununua betri mpya. Na usipange kutumia zaidi ya asilimia 70. Iliyobaki ni ya mkondo usioutarajia.

Betri za lithiamu ziheshimu. Kasha lililoingia maji linaweza kujaa gesi ndani. Weka valvu ya kutoa kanieneo, na unapofungua kasha linaloshukiwa kuvuja, usisimame mbele ya mfuniko.

Hatua ya 6: Ubongo, na mlinzi asiyemsikiliza

Kwa programu huhitaji kuanza sifuri. ROS 2, mkusanyiko wa programu huria za roboti, imeenea katika roboti za kila aina. MOOS-IvP, iliyokulia MIT na Oxford, ilitengenezwa kwa kazi za majini hasa. Gawanya kazi kwa viti viwili: kiti cha mbele kinashika usukani, kina na mota, kiti cha nyuma kinaamua kwenda wapi na kwa nini. Utafiti wako wa akili bandia ukae kiti cha nyuma. Ukianguka, kiti cha mbele bado kinajua kushika kina na kupanda juu.

Pembeni ya vyote viwili weka mlinzi: kompyuta ndogo yenye betri yake, isiyopokea amri yoyote kutoka kwa programu yako isipokuwa ishara ya "niko hai". Sheria zake ni fupi. Kina kikizidi kikomo, muda ukiisha, volti zikishuka, maji yakigusa kihisi cha uvujaji, au ishara ikinyamaza, anaangusha uzito wa dharura na chombo kinapanda. Uzito huo ushikiliwe na sumaku ya umeme. Hapo hata mlinzi mwenyewe akifa, umeme unakatika, uzito unaanguka. Juu ya maji chombo kiwake taa ya kumwekamweka na kutuma mahali kilipo kwa setilaiti. Andika namba ya simu ya maabara kwa rangi isiyofutika ubavuni mwake, kwa kuwa mara nyingi anayekiona kwanza ni mvuvi.

Kuhusu udhibiti wa mwendo, milinganyo iliyozoeleka ni ile iliyopangwa na Thor Fossen wa chuo cha NTNU, Norwei. Isome mapema, hasa sehemu ya uzito wa nyongeza: chombo kikiongeza kasi hulazimika kuyasukuma na maji yanayokizunguka, na kwa tufe nyongeza hiyo ni nusu ya uzito wa maji yaliyohamishwa na tufe lenyewe. Lakini mwanzoni tumia kidhibiti cha PID cha kawaida, kinachosahihisha kosa kwa kuangalia ukubwa wake, mkusanyiko wake na kasi ya kubadilika kwake. Ukishakiona kikishindwa, utajua hasa kwa nini unahitaji kingine, na tasnifu itakuwa na sura ya kulinganisha.

Jaribu kila mabadiliko kwenye kiigizaji, Gazebo au Stonefish, kabla ya kuyapeleka majini. Kiigizaji hakikuambii kwamba programu ni nzuri. Kinakuambia ni mbovu, mapema, ukiwa bado mkavu.

Hatua ya 7: Kujua ulipo

Hiki ndicho kiini cha fani nzima, na ndicho kinachoitenganisha na roboti za nchi kavu na za angani. Maji ya chumvi humeza mawimbi ya redio, hivyo GPS hufa mara tu antena inapozama. Kinachosafiri ni sauti, kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Chombo kilicho umbali wa kilomita 3 hupokea neno lako baada ya sekunde 2, na modemu ya sauti hupitisha data kidogo sana. Huwezi kukiongoza kwa mkono. Ndiyo maana tunakipa akili.

Vipima mchapuko na jairoskopu vinakadiria mwendo kutoka ndani, lakini kosa lake hukua kwa mraba wa muda. Kosa dogo la mita 0.01 kwa sekunde mraba, lisiporekebishwa, linakupotosha mita 18 kwa dakika moja na mita 1,800 kwa dakika 10. Dawa ni kipimamwendo cha Doppler: hutuma miale ya sauti, kwa kawaida minne, hadi sakafu ya bahari, na kutokana na mabadiliko ya mlio unaorudi hupata kasi halisi ya chombo. Kikishirikiana na jairoskopu bora, kosa hushuka chini ya asilimia 1 ya umbali uliosafiriwa. Ni kifaa cha bei, na kama swali lako ni la mahali, ndicho cha kupigania kwenye bajeti kabla ya kamera nzuri.

Hata ukiwa nacho, dira inaweza kukuharibia. Kosa la nyuzi 1 kwenye dira ni mita 17 pembeni kwa kila kilomita. Mkondo wa umeme unaoenda kwenye mota hutengeneza usumaku wake, kwa hiyo sokota nyaya za umeme jozi kwa jozi, weka dira mbali nazo, na uisawazishe mara mbili: mota zikiwa zimezimwa na zikiwa zinazunguka. Ukiona tofauti kati ya mara hizo mbili, ihamishe dira. Usijidanganye kwamba programu itairekebisha.

Kisha kuna minara ya sauti. Unaweza kuweka vinasa vitatu au vinne sakafuni na chombo kipime umbali wake kwa kila kimoja, au kufunga kifaa kimoja kwenye boti kinachopima umbali na pembe. Njia inayotegemea saa mbili zilizolinganishwa inataka saa nzuri sana, kwani kosa la milisekunde 1 ni mita 1.5. Kwenye maji ya kina kifupi sauti hugonga uso na sakafu na kurudi kama mwangwi, na bwawa lenye kuta za zege ni baya kuliko bahari. Vipimo vyote hivi huunganishwa na kichujio cha Kalman, hesabu inayokipa kila kipimo uzito kadiri kinavyoaminika, na kazi kubwa ndani yake ni kukifundisha kikatae mwangwi.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea hata kwenye makala zilizochapishwa. Ili kuonyesha ubora wa mfumo wao, huendesha chombo kwa umbo la mraba na kupima kilivyorudi karibu na kilipoanzia. Jaribio hilo huficha makosa. Dira iliyopinda nyuzi 5 daima itauzungusha mraba wote nyuzi 5, lakini mraba utafunga. Kipimo cha kasi kinachozidisha kwa asilimia 3 kitaupunguza mraba, na bado utafunga. Nenda kilomita 1 kwa mstari mnyoofu, panda juu, pata GPS, ulinganishe. Hapo ndipo ukweli uko.

Hatua ya 8: Vihisi vya kazi

Kwa picha, kumbuka rangi nyekundu hutoweka ndani ya mita chache za kwanza, na chembe zinazoelea hurudisha mwanga kwenye lenzi kama vumbi mbele ya taa za gari usiku. Weka taa mbali na kamera, kwa pembe. Kamera isawazishwe ikiwa ndani ya maji, kwa sababu kioo bapa na maji hupindisha mwanga. Kwa ramani kubwa au maji machafu, tumia sona, kifaa kinachoona kwa sauti: ya ubavuni kwa kutafuta vitu, ya miale mingi kwa kina. Mabaki ya ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwaka 2009 yalipatikana Aprili 2011, takriban mita 3,900 chini, kwa vyombo vya REMUS 6000 vyenye sona za ubavuni. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa kupita mistari iliyopangwa, mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 9: Kuingia majini, kwa ngazi

Tangi la maabara, bwawa, ziwa au ghuba tulivu, kisha bahari wazi. Usipande ngazi mpaka kazi ile ile ifaulu mara 10 mfululizo kwenye ngazi ya chini. Safari za kwanza baharini funga uzi mwembamba wenye boya juu, boti ilifuate boya. Chagua siku za maji mafu na saa ambayo mkondo umesimama. Chombo cha mita 1 kwa sekunde kikikutana na mkondo wa mita 1 kwa sekunde hakiendi popote, na kitaendelea kutofika popote hadi betri iishe.

Safari ya kwanza kabisa iwe ya kuchosha: mita 50 kwa mstari mnyoofu juu ya maji, simama. Ya pili, kina cha mita 2. Ya tatu, angusha uzito wa dharura kwa makusudi, uone kama kinapanda kweli.

Kabla ya kila safari, mmoja asome orodha kwa sauti na mwingine aguse kila kitu anachokitaja. "Plagi ya kuvutia hewa?" Mkono unaigusa, unaizungusha: "Imefungwa." "Saa?" "Imelinganishwa na GPS, saa mbili na dakika kumi na nne." "Kumbukumbu?" "Inaandika, faili linakua." Usikubali jibu la "ndiyo" tupu. Macho huona kinachotarajiwa. Kidole hakidanganyiki kirahisi. Na tangaza kabla hakijaachiwa: kitakaa chini dakika ngapi, na tukifika dakika ngapi bila ishara tunaanza kutafuta. Makubaliano hayo yakifanywa wakati watu wameshatishika huwa mabaya.

Hatua ya 10: Vibali

Anza mapema kuliko unavyodhani. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, utafiti wa kisayansi katika ukanda wa kiuchumi wa nchi nyingine, unaofika maili 200 za baharini, unahitaji ridhaa yake, na taarifa kamili hupelekwa angalau miezi 6 kabla. Hata ndani ya maji ya nchi yako, mamlaka ya bandari, ya uvuvi na ya hifadhi huenda kila moja ikawa na neno lake. Nenda pia ukazungumze na wavuvi wa eneo lenyewe. Wanajua nyavu ziko wapi na mkondo hugeuka saa ngapi, na hakuna kihisi kitakachokupa hilo.

Hatua ya 11: Data, na kazi ya jioni

Rekodi kila kitu kwa saa moja inayoaminika: vihisi, amri, volti, hata joto la ndani ya kasha. Faili lisilo na muda sahihi ni takataka. Unapoandika makala, linganisha njia yako na njia rahisi kabisa iliyokuwepo, toa idadi ya safari zote pamoja na zilizoshindwa, na achia kumbukumbu ghafi wengine wazipitie. Safari 12 zilizofaulu kati ya 20, zikielezwa vizuri sababu za zile 8, zina faida kwa msomaji kuliko safari moja nzuri iliyochaguliwa.

Mkirudi gatini mtakuwa mmechoka na kila mtu atataka kula. Mpangilio ni huu. Nakili data mara mbili, kwenye diski mbili, zibebwe na watu wawili tofauti. Osha chombo kwa maji baridi mengi, na zungusha propela kwa mkono ndani ya ndoo hadi chumvi itoke. Kikaushe kabisa, hasa kwenye maungio, kabla ya kufungua kasha, maana tone linaloning'inia kwenye ukingo huanguka moja kwa moja juu ya saketi. Fungua, nusa, harufu ya kuungua au ya kemikali itakuambia kabla ya kipimo chochote. Toa oringi, ziangalie chini ya tochi, ziweke kwenye mfuko safi wenye tarehe. Ndipo uchaji betri, na mtu mmoja abaki chumbani hadi zijae.